Jina Moja la Kushona Kwenye Ramani

Hapo zamani, wala msidhani ni zamani za wanyama kusema, ni zamani hizi za juzi ambazo shangazi zenu wanazikumbuka vizuri tu, palikuwa na mji wa bara, pale reli inapogawanyika. Katika mji huo palikuwa na karakana ya seremala. Katika karakana hiyo palikuwa na meza. Kaeni vizuri basi, maana habari yote iko kwenye hiyo meza.

Siku za kazi meza ile ilikuwa ya kuchongea milango. Jumamosi alasiri Fundi Mihambo alifagia vumbi la mninga, akatundika misumeno ukutani, na meza ikawa nchi. Nchi kabisa, yenye mito, miji, wafalme na majambazi. Watu watatu waliizunguka. Mmoja wao alikuwa ndiye Mwenye Hadithi: akisema mvua inanyesha, inanyesha, akisema mlango umefungwa, umefungwa. Wengine kila mmoja alikuwa na shujaa wake, na yeye ndiye aliyesema shujaa huyo anafanya nini. Likija jambo gumu, kuruka shimo au kumdanganya mlinzi, mtu alitupa dadu. Dadu yenyewe aliichonga Fundi kwa mninga, pande ishirini, na kila upande tarakimu yake imechomwa kwa msumari wa moto. Ukipata ishirini, watu wanasimama kukupigia makofi. Ukipata moja, pole yako.

"Mchezo wa watoto huo," nimesikia mtu pale nyuma ananong'ona. Haya. Nimekuona. Tutaonana mwisho.

Sasa, nje ya karakana hiyo alikuwa akipita mwanamke mmoja, jina lake Somoe. Alikuwa mgeni pale mjini, ametoka kusini, huko kwenye mikorosho, amemfuata mume aliyepata kazi ya kukarabati reli. Mume mwenyewe wiki mbili yuko njiani, siku mbili yuko nyumbani amelala. Chumba chao kilikuwa na kitanda, jiko na ukuta. Somoe alizungumza na ukuta mpaka akauonea huruma. Majirani walikuwa watu wema, lakini kila mmoja alikuwa na mashoga zake wa tangu utotoni, na salamu zao ziliishia mlangoni. Basi Somoe akajiapia: miezi miwili ikiisha sijapata hata mtu mmoja wa kucheka naye, napanda treni narudi kwa mama. Mume akitaka, atanifuata.

Jumamosi ya kwanza akapita pale karakana, akasikia kicheko. Akapita zake. Jumamosi ya pili akasikia mwanamke ananguruma kama simba, halafu kicheko. Akapita polepole. Jumamosi ya tatu akachukua ndoo, apate kisingizio, akapita mara mbili. Jumamosi ya nne akapita mara tano, ndoo tupu mkononi, na kisima kiko upande mwingine kabisa wa mtaa.

Mara ya tano dirisha likafunguka. Kikatoka kichwa cha mtu mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni. Huyo ndiye Kapela, karani wa mahakama ya mwanzo.

"Dada," akasema, "hiyo ndoo unaipeleka matembezi?"

Somoe akaona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Nisamehe kaka, nilikuwa napita tu."

"Unapita tu tangu mwezi uliopita! Ukipita tena nitaanza kukuandikia mahudhurio. Ingia bwana, ndoo iache hapo nje, hakuna wa kuiiba."

Somoe akaingia. Miguu iliingia yenyewe. Akamkuta mama wa makamo, mnene, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya reli: Nyanzala, muuza asali. Yeye ndiye aliyekuwa akinguruma, yeye ndiye Mwenye Hadithi. Akampa Somoe kigoda, akampa na kijiko cha asali ya nyuki wadogo alambe, akamwambia, "Karibu mwanangu. Hapa tuko kwenye pango, na kuna simba. Usiogope, amenuna tu."

Fundi Mihambo yeye hakuinuka. Alimtazama mgeni, akasema, "Mwingine wa wiki moja."

"Fundi, ustaarabu!" Nyanzala akamkaripia.

"Nasema kweli, Mama. Wamekuja saba. Saba wote nimewachongea dadu, kila mtu na yake. Saba wote wameondoka. Huyu atumie ya kuazima."

Na kweli, wageni saba walikuwa wamekuja na kuondoka ndani ya miaka sita. Ukutani palining'inia ramani ya ile nchi yao, imeshonwa kwenye kitambaa cha marikani. Ramani hiyo ilikuwa na desturi yake. Mgeni akiimaliza hadithi yake ya kwanza, hushona mahali papya, mlima au mto au mji, na pale huandika kwa uzi jina la mtu mmoja: yule aliyemtia mezani. Jina moja tu, na likishashonwa halifumuliwi. Palikuwa na Mlima Kalunde, Bonde la Sizya na Ziwa Maganga, majina ya watu waliowaleta hawa watatu, ambao sasa wamehama au wamefariki. Lakini jina la Kapela halikuwapo. La Nyanzala halikuwapo. La Mihambo halikuwapo. Wageni saba, na hakuna aliyedumu hata akashika sindano. Hawakulisema jambo hilo, lakini kila mmoja lilimkaa rohoni.

Alasiri ile Somoe alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Wakati wa kuagana Kapela akafungua mkoba wake, akatoa daftari nene lenye jalada jeusi. Akalifuta kwa kiganja. Akampa kwa mikono miwili.

"Kanuni zote ziko humu, dada. Kurasa tisini. Nimeziandika mwenyewe kwa miaka sita, na sijawahi kumwazima mtu, hata Fundi. Kazisome. Jumamosi ijayo unaanza na sisi."

Hii ilikuwa heshima kubwa kuliko zote alizokuwa nazo Kapela, na aliitoa kwa moyo mweupe. Somoe akapokea. Akaaga haraka.

Kwa sababu Somoe hakujua kusoma. Tarakimu alizijua, za sokoni na za saa. Herufi, hapana. Alitolewa shule darasa la kwanza ili alee wadogo zake, na tangu hapo herufi zikabaki kuwa za watu wengine. Siku moja kule kwao, kwenye mkutano wa akina mama, alipewa karatasi awasomee wenzake. Akaishika juu chini. Watu walicheka mpaka wakaegemeana. Tangu siku hiyo hakurudi mkutanoni, na aliapa hakuna mtu atakayemwona tena na karatasi mkononi.

Wiki nzima daftari lilikaa chini ya godoro. Analitoa, analitazama, analirudisha. Ijumaa akafunga mzigo wake wa safari, kanga na sufuria mbili, akauweka karibu na mlango. Akasema moyoni, kesho nairudisha amana ya watu, keshokutwa napanda treni.

Jumamosi akaenda. Hakukaa hata kigodani.

"Kaka Kapela, shika daftari lako. Mchezo huu mimi siuwezi."

Mtu mwingine angesikitika. Kapela akafurahi! Macho yakamng'aa. Yeye alidhani mgeni amekwama kwenye kanuni fulani, na hakuna kitu alichokipenda duniani kama kanuni yenye utata.

"Huuwezi? Ukurasa gani umekukwamisha? Fungua, nionyeshe. Kama ni ule wa mishale, hata mimi ulinisumbua."

Somoe akatii. Akafungua. Jamani! Akalishika daftari juu chini, vilevile kama siku ile ya mkutano. Kapela alikuwa ameinama anatafuta miwani mkobani, hakuona. Mihambo alikuwa anapiga randa ubao, hakuona. Nyanzala akaona.

Nyanzala alikuwa ameuza asali miaka kumi na minane. Alizijua zile mbinu zote za mtu anayeshika kopo lenye maandishi, analigeuzageuza, halafu anauliza kwa sauti ya kutojali, "Hii ndiyo ya nyuki wadogo, eti?" Ndiyo maana makopo yake aliyachora: nyuki mkubwa, nyuki mdogo, hakuna wa kuuliza. Akamtazama Somoe mara moja tu, akaelewa yote.

Akapiga meza kwa kiganja. Dadu zikaruka.

"Kapela! Funga hilo daftari, macho yananiuma!"

"Macho yako yana nini tena, Mama?"

"Yamechoka! Wiki nzima herufi zinatembea kama sisimizi. Tangu leo meza yangu haichezwi kwa maandishi. Leteni karatasi zenu za mashujaa hapa."

Akazikusanya, akazigeuza nyuma. Akachukua penseli ya Fundi, ile nyekundu bapa, akachora. Ngumi kwa ajili ya nguvu. Jicho kwa ajili ya kuona. Mguu kwa ajili ya mbio. Mdomo kwa ajili ya maneno matamu. Pembeni ya kila picha akaandika tarakimu. Kwenye karatasi ya Kapela, mdomo aliuchora ukajaa robo ya ukurasa.

"Miaka sita ya kumbukumbu zangu!" Kapela akalalama. "Unazichorea mangumi mgongoni!"

"Asiyetaka, mlango ule pale."

Akachora karatasi ya tatu, akamsukumia Somoe mbele yake, imekaa sawasawa. Hakumtazama usoni. Somoe akaishika ile karatasi. Ngumi, jicho, mguu, mdomo. Aliisoma yote, neno kwa neno, ndiyo, aliisoma. Akajua kwamba Mama Nyanzala anajua, na akajua kwamba hatasema. Machozi yalimlengalenga, akayafuta kwa ncha ya kanga, akasingizia vumbi la mbao.

Mnajua Kapela alifanya nini Jumamosi iliyofuata? Alimletea Nyanzala miwani! Aliiomba kwa mjomba wake, miwani ya kuonea karibu, kioo kinene kama tako la chupa. Nyanzala angefanyaje? Akaivaa. Jumamosi baada ya Jumamosi aliivaa, anaona Kapela wawili, na mmoja tu alikuwa anamtosha. Siri hakuitoa, hata kwa Mihambo.

Basi mzigo wa Somoe ukaendelea kukaa karibu na mlango, haukufunguliwa, lakini treni nayo haikupandwa. Akasema, ngoja nione.

Walipomuuliza shujaa wake ni nani, akafikiri. Kapela alikuwa na mganga mjuzi wa sheria. Mihambo alikuwa na Lugendo, mpiga mkuki. Somoe akasema, "Mimi upanga siujui. Najua vyungu. Mama yangu ni mfinyanzi." Kapela akataka kusema hakuna shujaa mfinyanzi kwenye daftari, Nyanzala akamkata jicho juu ya miwani. Ikawa hivyo: Binti Mfinyanzi.

Hadithi ya safari hiyo ilikuwa ya mji uliozimika. Mji mzima, mbali kule ng'ambo ya milima, moto umekufa katika kila jiko. Mashujaa wapeleke moto. Kapela akataka wachukue mienge. Nyanzala akasema, mvua. Mihambo akataka waende mbio. Nyanzala akasema, siku tisa. Wakakwama, wanatazamana. Somoe akasema kwa sauti ndogo, "Si unaweka kaa chunguni, unalifukia kwa jivu, unaacha tundu la kupumulia? Kwetu jirani akihama, moto anaondoka nao hivyo."

Kapela akasema, "Miaka sita mimi sijawahi kuwaza chungu."

Siku hiyo Somoe alirudi nyumbani akiimba. Akafungua mzigo, akatoa sufuria moja. Ile nyingine akaiacha humo, akajiambia, usijifanye umefika.

Jumamosi iliyofuata wakafika kwenye daraja la kamba. Chini korongo, maji meusi. Nyanzala alikuwa amelitangaza daraja hilo wiki mbili kabla: kila mtu atatupa dadu mara moja, na atakayepata moja amekufa. Na kanuni ya meza ilikuwa hivi: shujaa akifa, mwenyewe anakaa nje mpaka hadithi iishe. Hadithi zao zilikwenda miezi mitano, sita.

Kapela akatupa, kumi na mbili. Akavuka. Mihambo akatupa, kumi na tisa. Akavuka. Somoe akachukua dadu ya kuazima, akainuka, chungu cha moto kichwani mwake, wote walikuwa wanakiona. Akaipuliza. Akaitupa.

Moja.

Mtu asiyejua atasema ni kibao tu kimeanguka. Lakini Somoe aliona kamba zikikatika. Akaona chumba chake, kitanda, jiko, ukuta. Miezi sita nje. Na miezi miwili aliyojiapia ilikuwa imebakiza siku tatu.

"Mama," Kapela akasema, "ni mgeni. Atupe tena."

Nyanzala akavua miwani. Uso haukuwa na raha hata kidogo. "Dadu imesema. Nikimhurumia leo, atakuwa mgeni siku zote. Binti Mfinyanzi anaanguka."

"Lugendo anaruka," akasema Mihambo.

Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja kipimo cha ubao. "Anamshika mkono, anamrusha ng'ambo yeye na chungu chake. Yeye anakwenda chini."

"Fundi, haiwezekani. Dadu imeshaanguka, amri imeshatoka."

"Ngoja!" Kapela alipiga kelele mpaka kuku wa nje wakatimka. "Mtu asiiguse hiyo dadu! Asiiguse! Iacheni hapohapo!" Akazama mkobani, akalitoa lile daftari jeusi, daftari lililopigwa marufuku, akapekua harakaharaka. Hamsini, sitini, sabini. "Hii hapa! Ukurasa wa sabini na moja. Roho kwa roho: shujaa anaweza kufa badala ya mwenzake, mradi dadu haijaokotwa mezani. Marehemu Maganga mwenyewe aliiweka. Nimeiandika kwa mkono wangu!"

Dadu ilikuwa bado ipo mezani, uso juu, ile moja inawatazama.

Nyanzala akamgeukia Fundi. "Mihambo, una hakika?"

"Nimesema."

Lugendo akafa. Mihambo akaikunja karatasi yake mara mbili, akaitia mfukoni mwa shati, akaenda kwenye kona akaanza kupasha maji ya chai. Somoe alipotoka tu, Kapela akamweleza njiani: Lugendo aliumbwa na mdogo wake Fundi, aliyefariki mwaka ule wa mafuriko. Fundi alikuwa amemrithi na kumlinda miaka sita, hata mkwaruzo hakutaka aupate.

Somoe alilia njia nzima. Alipofika nyumbani akatoa ile sufuria ya pili, na zile kanga akazitundika.

Kwa muda wa miezi mitano Mihambo alikaa kwenye kona. Aliwapikia chai, hakutia neno. Wakati mwingine midomo yake ilicheza, kama anataka kumwambia Lugendo chukua mkuki, halafu anakumbuka. Siku moja Somoe akakuta kigodani pake kitu kimefungwa kwenye gazeti. Dadu ya mninga, mpya, pande ishirini. Akainua macho, Mihambo akawa anatazama birika.

Mwishowe Binti Mfinyanzi akaufikisha moto. Nyanzala alihadithia jinsi majiko yalivyowaka moja baada ya jingine, mtaa kwa mtaa, mpaka mji wote ukanukia chakula, na yeye mwenyewe akaishiwa sauti. Wakapiga makofi. Kila mtu alijua kinachofuata. Fundi akaishusha ramani ukutani, akaitandaza. Kapela akaweka uzi mwekundu. Nyanzala akaweka sindano.

"Haya mwanangu. Mji wako, na jina la aliyekutia mezani. Moja."

Somoe akaishika sindano. Akawatazama wote watatu. Wote watatu wakajifanya wanatazama kitambaa.

Kapela ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Mimi sitaki kumshawishi mtu," akasema, na ninyi mnamjua mtu anayeanza hivyo. "Ila ieleweke. Nani alitoa kichwa dirishani? Mimi. Ningekaa kimya, angepita na ndoo yake mpaka leo. Na pale darajani, nani alikuwa na ukurasa wa sabini na moja?"

"Na nani alimpa mgeni kurasa tisini siku ya kwanza?" Nyanzala akajibu. "Kumkaribisha mtu ni kumwambia ingia, halafu unamwacha anahangaika sebuleni? Meza ni mimi niliyeitengeneza ili aweze kukaa. Na pale darajani sikumdekeza, nilimfanya kuwa mwenzetu. Mimi sisemi zaidi."

"Ulimuua," akasema Mihambo.

"Dadu ilimuua!"

"Na mimi nikamfufua. Nimekaa konani miezi mitano." Hayo tu.

Ikawa zogo. Huyu daftari, yule daraja, huyu dirisha. Watu waliocheza pamoja miaka sita walikuwa wanaongea kama wanagombea mpaka wa shamba. Somoe akaona meza yake, meza pekee aliyokuwa nayo katika mji ule, inaanza kupasuka katikati, na mpasuko wenyewe ni yeye.

"Kabla sijashona," akasema, "nina neno."

Hawakusikia. Akapiga meza kwa kiganja, kama alivyofundishwa na Nyanzala. Dadu zikaruka. Wakanyamaza.

"Siku ile niliporudisha daftari, haikuwa mishale. Nilikuwa sijui kusoma."

Akaiweka sindano mezani. "Nilikuwa nimefunga mzigo. Nilishika daftari juu chini, Mama Nyanzala akaniona, ndipo macho yake yakaanza kuuma. Sasa naenda kisomo cha watu wazima, mwezi wa tatu huu. Naweza kuandika jina la mtu, taratibu. Sikutaka kuandika jina la mtu kwenye ramani yenu huku nimewaficha."

Hakuna aliyecheka. Somoe alikuwa amekisubiri kile kicheko tangu siku ile ya mkutano, na hakikuja.

Kapela alikuwa ameshika kichwa. "Kurasa tisini," akasema. "Nilikupa kurasa tisini. Na nikasema fungua unionyeshe!" Halafu akamgeukia Nyanzala polepole. "Kumbe macho yako..."

"Macho yangu mazima! Miwani ya mjomba wako imenipa kizunguzungu miezi mitano, mrudishie!"

Mihambo akaanza kucheka, cheko la mtu ambaye hajacheka siku nyingi, likawaambukiza wote, mpaka Kapela akawa anacheka na kulia kwa pamoja. Akafuta macho.

"Mimi najitoa," akasema. "Nilifungua dirisha, halafu karibu nimfukuze kwa mlango. Dada, shona Nyanzala."

"Asishone! Kuchora mimi nachora kila siku makoponi, kulinigharimu nini? Kizunguzungu? Fundi ametoa ukumbusho wa ndugu yake. Shona Mihambo."

Mihambo akatikisa kichwa. "Mimi nilimnyima dadu. Nilimwona akipita Jumamosi zote nne, nikasema moyoni, apite. Lugendo alimrukia mtu ambaye tayari alikuwa na kiti. Aliyemwona nje ni Kapela. Shona Kapela."

Sasa mambo yakawa mabaya zaidi, au mazuri zaidi, semeni wenyewe. Mwanzo kila mtu alilitaka jina, sasa kila mtu analisukuma kwa mwenzake. Na desturi ni ileile. Jina moja, halifumuliwi.

Somoe akakivuta kitambaa magotini. Akashona kwanza vibanda vya mji, na juu ya kila kibanda moshi mdogo. Halafu akaanza jina, herufi kwa herufi, ulimi umebanwa kwenye meno. Alishona polepole, na wale watatu walimpa mgongo wote, wasije wakamharakisha. Alipomaliza akaukata uzi kwa meno, akakigeuza kitambaa kikawaelekea. Wakasoma. Na wote watatu, nawaambia wote watatu, wakasema, "Sawa."

Ramani ile ipo mpaka leo na uzi haujapauka. Jina mimi nalijua, lakini silitoi mpaka na ninyi mtoe lenu. Na msinikwepe kwa kuniambia Somoe mwenyewe, eti ndiye aliyepita na ndoo mara tano. Nilitafakari hilo zamani, ila ukurasa wa pili wa lile daftari unakataza mtu kujiandika.

Haya. Mmoja alimwona akiwa nje akamwita, mmoja aliiona aibu yake akaifunika, mmoja alitoa alichokipenda ili yeye abaki. Wewe pale nyuma, uliyesema mchezo wa watoto, ndiyo, wewe, usiangalie pembeni. Shika sindano. Ungeshona jina la nani?